Gari Lililopiga Magoti

Kila alfajiri nililikuta limepiga magoti.
Renji ya kijani, silinda nane, viti vya ngozi rangi ya asali,
tunda la mwaka ule zabibu za Mpunguzi ziliponilipa.
Usiku hewa ya springi ilivuja kimyakimya,
gari likashuka kona mojamoja, ya nyuma kushoto kwanza,
hadi tumbo likanusa vumbi la Ipagala.
Nikizungusha ufunguo, pampu hukoroma chini
kama mtu anayetafuta kandambili gizani,
na baada ya dakika tatu, si mbili, si nne,
linasimama.

Fundi Chidumizi wa Majengo alishanyoosha mikono:
"Mzee Lechipya, hii ni ndoa. Uivumilie au uivunje."

Nikaivunja. Jumanne nikalipeleka yadi, Nkuhungu,
limeoshwa, matairi yamepakwa mafuta,
na injini sikuizima hadi ndani ya geti.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na langu siku hiyo lilitembea vizuri mno.

Kijana wa yadi, Elifuraha, viatu vyeupe bila doa
katika mji huu ambao upepo wa Agosti
huvisha kila kitu kanzu nyekundu,
alizunguka mara mbili, akagonga bodi kwa kidole
kama anayechagua tikiti maji.
"Milioni tisa. Ongeza arobaini na mbili, uondoke na hili."
Hili: jeupe, la miaka minne,
kioo katikati kikubwa kama runinga ya sebuleni.
Tukavutana. Tisa na nusu. Tukaingia ofisini.

Kadi ya gari. Kitambulisho. Nakala mbili.
Mashine ya nakala ikameza karatasi, ikagoma.
Chai ikaletwa,
nami nikatazama dirisha kwa jicho la pembeni
jinsi mwizi anavyotazama mlango.

Kona ya nyuma kushoto. Polepole.
Kisha kulia.

"Tangawizi imezidi?" akauliza, maana nilikunja uso.
Mficha uchi hazai, nikamwambia. Geuka uone.
Akageuka. Gari langu limepiga magoti juani
mbele ya yale mapya yaliyosimama mstari,
kama mtu pekee aliyejua kuwa ni saa ya sala.

Kijana akacheka mpaka chai ikamwagikia risiti.
"Mzee, haya yote ndivyo yanavyofanya.
Kwani ulidhani tisa niliitoa wapi?"

Nikatia sahihi. Nikatoa vilivyo vyangu:
mkasi wa kupogolea, kiatu kimoja cha mjukuu,
na karatasi za mizani za mwaka ambao zabibu zilioza.
Sikuligusa boneti. Watu walikuwa wanatazama.

Leo asubuhi nimetoka pekupeku kwenda kuangalia.
Jeupe limesimama wima, kama mlinzi asiyenijua.
Nikabonyeza. Hakuna kukoroma, hakuna kuinuka.
Pumzi moja, nipo getini.

Kwenye kioo cha nyuma nikamwona Nyemo
mlangoni, kikombe mkononi, mdomo umefunguka nusu.

Ndipo nikapiga hesabu.
Miaka kumi na mmoja, dakika tatu kila siku,
gari likijiokota, yeye ameegemea dirisha langu,
akiniambia yale aliyoyalaza usiku:
ada ya Wendo, deni la shemeji,
uvimbe ule wa kwapani ambao haukuwa kitu,
na siku moja, baada ya wiki nzima ya kununiana,
"Yaishe," akasema, na pampu ikanyamaza.

Nikakanyaga breki. Nikazima.
Nikashusha kioo, nikakaa hapo getini
kama mtu ambaye gari lake limeharibika,
nikimsubiri avuke ua na lile neno lake
kabla chai haijapoa.