Kisanduku cha Lazima

Miaka thelathini na moja nimekaa chumba cha faili,
zahanati ya Varness, Dakota ya Kaskazini:
kuta tatu za kabati, wa nne dirisha,
na nje ya dirisha theluji, na theluji ya juzi chini yake.
Faili ya Leland Hauck niliijua kwa kidole,
nene kama mkate, pembe imeliwa na kahawa,
na ukingoni mwa ukurasa wa kumi na tisa,
kwa wino wa kijani, mwandiko wa marehemu Daktari Tormoen:
"Asipewe habari mbaya kabla mkewe hajafika.
Akiogopa huitikia ndiyo kwa kila kitu."

Kisha sheria ikatoka Washington, hundi mkononi.
Atakayewahi kuweka kompyuta atalipwa,
atakayechelewa atakatwa.
Tukaitwa ukumbini, tukapewa donati,
na mtu wa kampuni, tai ya zambarau, akatuambia
karatasi ni kama farasi, tutaikumbuka kwa mapenzi.
Mimi nyumbani nina farasi wawili.
Nikanyamaza.

"Matumizi yenye maana," ndivyo kanuni ilivyosema.
Nikaisoma usiku, kurasa kwa kurasa, nikiitafuta hiyo maana,
nikaikuta imepimwa kwa asilimia.
Asilimia kadhaa ya wagonjwa waulizwe kama wanavuta sigara.
Leland, miaka sabini na sita, hajawahi kuvuta,
akaulizwa mara saba mwaka ule.
Mara ya saba akamwambia Daktari Villaflor,
"Nikianza nitakupigia simu."
Daktari hakucheka. Alikuwa amempa mgongo,
anatafuta kisanduku cha La.

Kazi yangu ikawa kuhamisha.
Dawa ina kisanduku. Mzio una kisanduku.
Wino wa kijani hauna.
Nikampigia mtu wa kampuni. "Weka kwenye Mengineyo," akasema.
Mengineyo ni herufi mia mbili hamsini na tano
na mlango usiobishwa hodi.

Lakini nisijipake asali.
Binti wa Eberle aliletwa usiku, hajitambui,
na skrini ikawaka nyekundu kabla ya sindano: penisilini, hapana.
Nilipokuwa nikihamisha, faili yake niliikuta kwa kina Ebert,
nilikoitia mimi mwenyewe, kwa mkono huu,
miaka sita nyuma.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari nalo hupotea.
Sikumwambia mtu. Nakuambia wewe.

Februari, Leland akapigwa na kiharusi, akakimbizwa Fargo.
Fargo wana mashine ya kampuni nyingine.
Mashine mbili, nchi moja, sheria moja iliyozilipia zote,
na haziamkiani.
Basi nikarudi kwa faksi, yule mzee wa pembeni,
kurasa sitini na nne, na juu kabisa
ule wa kumi na tisa.
Faksi haijui rangi. Kijani kilifika cheusi.
Aprili, Irene mkewe akaja kulipa bili.
Alisema muuguzi alimpokea mlangoni, karatasi mkononi:
"Wewe ndiye Irene? Tulikuwa tunakungoja."

Sasa kuna kanuni mpya. Mashine zitalazimishwa kusemezana,
atakayezifungia habari atatozwa faini,
na wananchi tumepewa siku sitini kutoa maoni.
Nimeketi jikoni, buti zinachuruzika mlangoni.
Nimeandika: Naomba kisanduku kimoja kisicho na jina,
kisichohesabiwa na yeyote,
kinachofunguka kwanza.
Nikabonyeza Tuma. Ikakataa.
Kuna sehemu ya lazima sijaijaza:
Je, unawakilisha kampuni au shirika?
Nikavaa miwani, nikasogea karibu,
nikaanza kutafuta kisanduku cha La.