Mawe Matatu

Lilinikamata baada ya chipsi mayai
pale Tandika, saa nne usiku:
chini ya mbavu za kulia, likapanda hadi begani.
"Labda ni mimba," akasema mama mkwe.
Mwaka wa sita huu anasema labda.

Hospitali ya Temeke. Jeli ya baridi tumboni.
Mwanaidi wa altrasaundi alitumwa kupima ovari,
vile vifuko vyangu vya siku zote, shanga uzini.
Akapandisha mkono kidogo. Akanyamaza.
"Siwema, una mawe kwenye nyongo. Matatu."

Nikacheka mpaka pakauma.
Mayai yangu hayapevuki;
mawe yamepevuka
bila vidonge, bila kombe, bila kuhesabu tarehe.

Nikamuuliza daktari: hawa wawili wanajuana?
"Huenda," akasema. "Homoni, uzito, sukari...
bado wanachunguza."
Huenda. Neno la kiungwana kuliko labda,
halikunitazama tumbo.

Sasa yamo kwenye kikopo cha iliki, juu ya kabati.
Mama mkwe huyatikisa, akasikiliza.
"Na haya?"
Wajukuu zako, mama.
Shikamoo bado hawaijui.