Ringi Saba

Baba alilinunua Mpwapwa kwa daktari wa ng'ombe:
Pijo 404, rangi ya chai ya maziwa,
gia usukanini, injini imelala ubavu
kama mtu anayesikiliza ardhi.
Alipofariki lilikuwa banda la kuku.
Niliokota mayai mawili kwenye kiti cha dereva
kabla sijaokota spana.

Dodoma haili chuma. Hilo tunajivunia.
Pwani gari huoza huku unalitazama;
hapa jua hula mpira, hula nyuzi za viti,
chuma linakiacha kikavu, kizima, kimenuna.
"Mwili upo," alisema Chilongani,
akigonga mlango kwa kifundo cha kidole.
"Kilichokufa ni vilainishi tu."

Wakaja Kizota kila Jumamosi. Hakuna niliyemlipa.
Chilongani, miaka thelathini dereva wa gari la wagonjwa,
anayeijua breki kwa harufu.
Ndahani wa reli, akakereza bushi
kutoka shaba ya bomba la kisima.
Nyamizi akashona viti kwa turubai
lililokuwa likifunika zabibu;
mvua ikikaribia, gari hunuka mavuno.
Na Mughwai, kwa basi kutoka Manyoni,
kabureta mapajani, imefungwa kanga,
kama mtoto anayetoka kliniki.

Tuligombana pia.
"Gasketi ya boksi la biskuti si gasketi!"
"Na mwaka sabini na tisa ulifunga nini?"
Kimya.
Wiki tatu Ndahani na Chilongani hawakusalimiana,
wakipeana bisibisi kupitia kwangu.

Siku ya kuwasha, likakohoa,
likatikisika, likakohoa tena,
kisha bomba la moshi likatema kiota cha panya,
kizima, na maganda ya karanga ndani yake.
Tulicheka mpaka Ndahani akashika bega la Chilongani
asianguke.
Akasahau kulitoa.

Lakini ringi zilikuwa tatu.
Ringi ya Pijo ina matundu matatu ya nati,
haikubali mbadala, haina ndugu.
Ya nne nilijua iliko:
imening'inia kwenye mwarobaini, shuleni Hombolo.
Baba aliwapa mwaka kengele yao ilipopasuka.
Mimi ringi ile imenichapa viboko,
maana ikilia nami niko bado mtoni kwenye mchanga,
basi nimekwisha.

Mwalimu mkuu, Bi Matika, hakubisha.
"Chukua. Ila igonge kwanza, tuiage."
Nikashika nondo. Ilikuwa saa nne kasorobo.
Nikagonga mara moja tu.
Madarasa yakamwagika,
watoto mia tatu na vikombe mkononi,
wakijua ni uji.
Mpishi akanitazama. Uji haujachemka.

Nikarudi mjini mikono mitupu,
kutu kiganjani, mlio bado masikioni.
Niliwaeleza. Mughwai hakusema kitu,
alipuliza tu chai yake.

Jumamosi iliyofuata alishuka stendi
na ringi begani, matundu matatu, imesuguliwa.
"Umeitoa wapi?"
"Nilikuwa nayo."
Ilibidi nifike Manyoni mwenyewe nione:
Pijo lake la bluu, lile analolifuta kwa shati,
limekaa kona moja juu ya matofali.

Sasa tuna magari mawili, ringi saba.
Mwezi huu natembea mimi, Kizota mpaka Ihumwa,
wanafunzi wananipigia miluzi.
Mwezi ujao nafungua nati tatu,
nalipakia gurudumu basi la Singida,
nampa kondakta namba ya simu:
lishushe Manyoni, mwenyewe anangoja.
Ya nane tumeacha kuitafuta kwa bidii.
Iko kazini.

Na gari langu likishainama kona ile ya nyuma,
kuku wanapanda wenyewe.
Ratiba wameshaijua.