Mundu

Maabara ya Nizwa, zamu ya usiku,
friji inanguruma, kahawa imepoa.
Naweka tone la Muhanna chini ya hadubini.

Chembe nyekundu ya haki ni kitumbua
kilichobonyezwa kidole katikati;
imetupa hata kiini chake ibebe hewa,
kama mpagazi aliyeuza kitanda
apate pa kuweka mizigo ya watu.
Neva hujinyoosha toka kiunoni hadi unyayoni,
uzi mmoja, habari moja:
umekanyaga mwiba.

Hizi za Muhanna zimepinda.

Babu yake ana mundu,
wa kukatia majani ya mbuzi kando ya falaji.
Chuma kile kimepindwa, kinajua kwa nini.
Huu wa damuni hauna shamba.
Unafika penye mfereji mwembamba, unakwama,
na mwenye zamu ya maji huko chini
anangoja, anangoja, kisha analia
kwa goti la mtoto wa miaka sita.

Mlangoni mama yake, kwa Kiswahili cha Unguja:
"Zina umbo gani, mwanangu?"
Nikamchorea nyuma ya risiti.
"Kumbe mwezi mwandamo," akasema.

Sikumsahihisha.