Ukoko

Winipegi, saa kumi na mbili, bado giza.
Theluji imeziba dirisha letu la chini kwa chini
nami narudi kutoka kuosha mabasi,
vidole vimesahau kazi ya vifungo.

Juu ya kabati kimekaa kijungu cha umeme,
hakizidi kofia yangu,
kataa kake ka rangi ya chungwa kamekesha.

Mwanaidi ameshatoka.
Zamu yake na zamu yangu hazisalimiani,
kijungu ndicho mshenga wetu:
Jumatatu uji wa mchele,
juzi choroko,
jana keki ya ndizi, imelala upande.

Ila hakijui kuunguza.
Wali hutoka mweupe, mtiifu, bila matandu,
nikanuna wiki nzima kama mtoto.

Leo nafunua. Mvuke unavamia miwani.
Nazamisha mwiko, unagonga kitu.
Nakwangua: krrr!
Ukoko, mwekundu, unanukia iliki.

Mlangoni pa friji, karatasi, mwandiko wa mbio:
“Nimekibonyeza mara mbili.
Basi la kwanza limeniacha.
Kula.”