Viti Viwili

"Viazi utaweka wapi?" Ambokile aliuliza,
akalizunguka mara tatu kama anayepima ng'ombe mnadani,
akapiga teke tairi, akaingia ndani kunywa chai.

Sikumjibu. Miaka kumi na tisa nimejibu kwa magunia:
juu ya Fuso, juu ya lumbesa, usiku, Isyonje hadi Makambako,
turubai limenifunika, baridi ya Juni inanitafuna vidole,
na utingo Mwakalobo ananipigia kelele, Mama, shika kamba!
Nilishika. Viganja vyangu bado vina njia za kamba ile.

Leo nimeshika usukani.
Mdogo, mweusi, wa ngozi, kama sahani ya mtoto.
Gari jekundu, limelala chini hata kuku analitazama kwa dharau,
limevuka bahari kutoka Japani na harufu ya sigara ya mtu nisiyemjua,
na kwenye droo risiti yenye maandishi kama miguu ya sisimizi.
Ulikuwa unakwenda wapi, bwana wewe?
Basi sasa twende kwetu.

Nikakunja paa.
Uyole nzima ikageuka.
Trafiki akanyoosha mkono, nikasimama,
akasoma leseni, akasoma bima, akanisoma mimi,
kisha akainama, sauti ya chini kabisa:
"Mama, inakimbia ngapi?"
"Sijui, mwanangu. Ndiyo kwanza nakwenda kuliuliza."

Nikaliuliza baada ya Igawilo, barabara ilipoanza kupanda.
Gia ya tatu. Ya pili kwenye kona. Ya tatu tena.
Likanijibu kifuani, si masikioni.
Mlima Rungwe ukajitokeza kushoto, wingu begani kama shuka la msibani,
nami nikacheka peke yangu, kwa sauti,
kama mtoto aliyeiba sukari na hakuna aliyemwona.

Kisha Isyonje, na ukungu, na matuta.
Nani aliyaweka matuta haya? Lori halikuwahi kunionyesha.
Gari la chini huyaona yote: nikayapanda kimshazari,
polepole, tumbo likikwaruza, nami nikikunja uso
kana kwamba tumbo ni langu.
Wauza viazi wakainuka kwenye ndoo zao.
"Ugonile, Subilaga! Umeolewa upya?"
"Nimejioa," nikasema, wakacheka hadi ndoo moja ikapinduka,
nikashuka tukaokota viazi pamoja. Mazoea.

Kiwira kulikuwa na jua la dakika kumi.
Nikanunua mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko akili yangu;
buti likaukataa, buti lenyewe linatosha viatu na sala.
Nikauketisha kiti cha pili, nikaufunga mkanda,
tukaendelea, mimi na bibi huyo wa kijani,
mpaka mashamba ya chai karibu na Tukuyu,
yaliyonyolewa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi.
Nikazima injini. Nikasikiliza chuma kikipoa: tik, tik.
Sikufikiria bei ya chochote.

Hiyo ndiyo safari nzima.
Sikumtembelea mtu. Sikuuza. Sikudai.

Mvua ikanikuta nikirudi, paa likagomea nusu njia;
bega langu la kulia likalowa, ndizi zikabaki kavu.

Ambokile alikuwa getini na mwavuli.
Hakusema neno. Akafungua mlango, akafungua mkanda,
akautoa mkungu kwa mikono miwili kama anapokea mgeni,
akauweka barazani.
Kisha akarudi, akaketi pale, magoti yakikaribia kidevu,
mwavuli ukimvujia mapajani,
akatazama mbele, kwenye ukuta wetu wa tofali,
muda mrefu.

"Barabara ya Chunya," akasema,
"wanasema siku hizi ina lami."