Maungamo ya Ardhi

Kila asubuhi, baada ya Misa ya kwanza,
kabla sijavua kanzu ya utumishi,
nilishuka ngazi kumi na tatu chini ya sakristia
na karatasi niliyoifukiza kwa koroboi
ikawa nyeusi ti, laini kama ngozi ya mgebuka.

Huko, kando ya makasha ya divai,
Padri Evodi Bihagaze alikwisha piga magoti.
Si mbele ya msalaba. Mbele ya sindano
nyembamba kama unywele, ikikuna masizi,
mstari mweupe, mstari mweupe, usiku kucha,
juu ya nguzo iliyokitwa kwenye mwamba wa Kigoma.

"Nimesikia maungamo ya watu, Ujiji hadi Mwandiga,"
alisema, akipangusa miwani kwa pindo la kanzu,
"na nitazikwa nayo.
Ardhi haikuniomba siri."
Akayatia ya ardhi katika bahasha,
nami nikayakimbiza stesheni
kabla treni ya bara haijapiga honi.

Usiku wa Jumatano ya Majivu
sahani zilianza kusemezana kabatini.
Mbuzi wakanyamaza. Kisha kuta.
Watu walipanda kilima, watoto mgongoni,
wakamwona padri wao akikimbilia chini na taa.
"Anamkimbia Mungu," mmoja akasema.
Akapanda tena, majivu pajini, masizi puani,
namba zikimtoka kama litania:
sekunde kumi na moja kati ya pigo na pigo,
mara nane,
kilomita themanini na nane,
ng'ambo ya ziwa, Kongo.

"Ni dhambi zetu?" aliuliza Mama Ntahondi wa Katubuka.
"Si dhambi, mama. Nchi inajinyoosha.
Ziwa hili ni ufa, na ufa haujamaliza kupasuka."
"Na ukuta wangu wa jikoni?"

Alikosa neno. Nilimwona mimi, mshika taa:
mtu aliyejua umri wa mawe
akitazama viatu vyake.

Kulipokucha aliniachia sindano,
akachukua mwiko na ndoo, akateremka Katubuka.
Jumapili alihubiri na udongo kuchani.

Alifariki mwezi Juni,
kengele ya Malaika wa Bwana ikilia mchana.
Nilishuka ngazi mbili mbili;
leo, nilijiambia, lazima sindano iwe imeruka.
Mstari ulinyooka kama uzi wa mwashi.
Hata pale, saa sita na dakika chache:
hakuna kitu.

Nusura niichane karatasi.
Nikakumbuka siku aliyonikaripia
kwa kuacha safu tupu daftarini:
"Andika sifuri, Rusimbi.
Kimya nacho kimesema."

Nikachovya kalamu. Tarehe. Saa.
Sifuri.

Honi ilikuwa imeshalia.
Nikakimbia.